Mchoraji wa Dirisha la Dawa

Siku za Jumatatu dirisha la dawa la hospitali huwa vurugu tupu. Watu wanasukumana, kila mtu ana haraka, na hakuna anayekumbuka nani alitangulia. Katika foleni hiyo, nyuma ya bibi mwenye mkongojo na mbele ya baba aliyebeba mtoto anayelia, alisimama kijana wa miaka thelathini na minne, shati la mikono mirefu limenyooka vizuri, gundi kavu imeganda pembeni mwa kucha. Kazi yake ilikuwa kujalidi vitabu katika kiwanda kidogo cha uchapaji, na wenzake walimwita Gundi. Jina lilimkaa, maana hata tabia yake ilikuwa hivyohivyo: akishika jambo haachi.

Siku hiyo alikuwa ameshika malalamiko, tena si yake. Yalikuwa ya baba yake, mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye kwa miaka thelathini na minane ya kufundisha hakuwahi kukubali jibu lisilokamilika.

"Habari za kazi, dada," alisema alipofika dirishani.

"Salama, kaka. Kadi."

"Kadi hii hapa. Lakini nimetumwa." Akaweka kwenye kaunta bahasha ndogo ya dawa. "Baba yangu umemwandikia moja mara mbili. Anasema moja mara mbili ni mbili, kwa hiyo amekuwa akimeza mbili kwa mpigo kila asubuhi. Jana kizunguzungu kilimwangusha. Sasa anauliza, hiyo mara mbili ni lini na lini?"

Mtoaji dawa akainua uso. Alivaa koti jeupe lililopigwa pasi likapigika, kitambaa cha manjano kichwani, na kwenye mfuko wa kifuani doa la wino ambalo sabuni ilikuwa imeshindana nalo ikashindwa. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyelala kidogo.

"Ameumia?"

"Ameumia heshima tu."

"Afadhali. Anafananaje, huyo mzee?"

"Unasema?"

"Ana ndevu? Ana miwani?"

"Ndevu hana. Miwani anayo, mkono mmoja umefungwa uzi. Masikio makubwa. Na asubuhi kabla hajakaa kwenye kiti chake haongei na mtu."

Yule dada akavuta kalamu. Haikupita dakika. Upande mmoja wa bahasha akatokea mzee mwenye masikio, amekaa kitini, jua linachomoza nyuma yake, kidonge kimoja kiganjani. Upande wa pili mzee yuleyule yuko kitandani, mwezi uko dirishani, kidonge kimoja, uso umenuna kama aliyeamshwa na mbu.

"Mpelekee. Mwambie jibu kamili ndilo hilo, na naomba radhi kwa swali bovu."

Foleni ilinung'unika, mtoto akazidi kulia, na Gundi wala hakusikia. Alikwisha kujalidi vitabu vingi vya picha, vingine vya bei ya kutisha, lakini hakuwahi kumwona baba yake mzima ndani ya karatasi isiyozidi kiganja.

Nyumbani, Mwalimu aliikagua bahasha muda mrefu. "Nani amemwambia habari za masikio yangu?" akauliza, kisha akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Kuanzia siku hiyo akameza kimoja asubuhi na kimoja usiku, bila ubishi.

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Gundi alianza kumfuatia baba yake dawa hata kabla hazijaisha. Safari ya tatu yule dada akaegemea dirisha.

"Kaka, dawa za mwezi mzima zimeisha kwa siku tisa. Mzee anagawia mtaa?"

"Dawa zipo. Safari hii mgonjwa ni mimi."

"Unaumwa nini?"

"Nichore, utaona mwenyewe."

Alijaribu kuzuia kicheko kikamshinda. Akachukua bahasha tupu, akaandika namba ya simu, na chini yake akachora pasi. "Piga nikiwa nanyoosha nguo," akasema. "Saa moja jioni. Muda mwingine usinipigie, sitapokea."

Hapo ndipo Gundi alipoanza kuyajua maisha ya mwanamke huyo, kipande kwa kipande, mvuke wa pasi ukisikika kwenye simu. Wagonjwa walimwita Kalamu. Alikuwa na mama ambaye miguu ilikataa kumbeba, na pacha wawili wa kike wa miaka tisa, walioachwa na dada yake marehemu, ambao walimwita Mamdogo. Aliamka saa kumi na nusu alfajiri. Mpaka saa mbili asubuhi, wakati dirisha linafunguliwa, alikuwa amekwisha kuogesha, kulisha, kusuka na kugombeza.

"Mwaka alipofariki dada ndio mwaka niliopata nafasi chuo cha sanaa," alimwambia jioni moja. "Barua ya chuo niliitumia kufunika sukari."

"Na kuchora hukuacha?"

"Nilijaribu kuacha. Nikawa mkali hadi watoto wananikimbia. Mama akaniambia, mwanangu, kachore hata ukutani, ila usituue."

"Sasa muda unautoa wapi, mpenzi?"

"Sina muda, laazizi. Nina vipande. Maji yakichemka, kipande. Pasi ikipata moto, kipande. Mgonjwa akitafuta kadi mfukoni, kipande. Ndiyo maana picha zangu ni ndogo."

Gundi alijilinganisha naye. Yeye akitoka kazini huoga, hula, hulala. Alimwona huyu mwanamke ni jasiri kuliko watu wote aliopata kuwajua, na akamwambia hivyohivyo.

"Acha kunipaka mafuta, nitateleza," Kalamu alijibu, lakini sauti ilikuwa imelainika. "Nikwambie jambo moja kabla hujaenda mbali. Nilikuwa na mchumba. Akasema nikiolewa haya mambo ya kitoto ya kuchora yaishe, maana mke ana kazi zake. Nikamrudishia pete yake. Kwa hiyo wewe usinitajie ndoa mpaka ujue unaomba nini. Nina watu watatu wa kuhudumia. Nikimwongeza wa nne, hicho kipande kitatoka wapi?"

"Mimi sitakuzuia kuchora hata siku moja."

"Kutonizuia ni rahisi," alisema. "Hata mvua hainizuii."

Gundi hakulielewa neno hilo siku ile.

Miezi ikaenda. Akafika nyumbani kwao, akamwamkia mama yake shikamoo, akawafundisha pacha kukunja karatasi. Akamjalidia Kalamu daftari dogo la kuingia mfuko wa koti. Na kila Ijumaa alimsindikiza mpaka kituoni, njia nzima wakitaniana. Tatizo lilikuwa moja: kila alipomtazama alikuwa na uchungu ambao yeye Kalamu hakuwa nao. Aliona kipaji kinapotea. Wagonjwa waliporudi kuchukua dawa nyingine walirudisha bahasha kuukuu, nazo zilitupwa katika katoni chini ya kaunta, na Ijumaa katoni hupelekwa kuchomwa.

"Ni dhambi kuzichoma," Gundi akasema. "Nipe mimi."

"Sheria hairuhusu."

"Nizitunze tu."

Kalamu alisita, kisha akamsukumia katoni. "Uzitunze, basi. Zisitoke kwako."

Mapenzi yakizidi hupofusha, na Gundi alipofuka akiwa macho. Alichagua bahasha arobaini na moja. Wiki tatu alibaki kiwandani baada ya kazi, akakata kadi nene, akatoboa kila ukurasa tundu la kutosha bahasha moja ionekane mbele na nyuma, akajalidi kwa kitambaa cha manjano. Hakuna kazi aliyowahi kuifanya kwa heshima namna ile. Kilipokamilika hakuweza kungoja. Akakiweka kwenye kabati la kioo katika dirisha la mbele la kiwanda, wazi, ili watu waje waone, na wiki ijayo amlete mwenyewe amshangaze.

Siku ya nne simu yake ililia saa tano asubuhi. Kalamu hakuwahi kupiga saa hizo.

"Uko wapi?"

"Kazini, kipenzi. Kuna nini?"

"Kitoe kitabu dirishani."

"Umekiona? Nilitaka..."

"Kitoe sasa hivi, kisha unisikilize."

Akakitoa.

"Ukurasa kilipofunguliwa kuna nini?" Kalamu aliuliza.

"Picha ya mama anayefungua duka, jua linachomoza."

"Chini ya picha?"

Gundi akasoma. Ndiyo kwanza anasoma. Chini ya picha palikuwa na jina kamili la mwanamke, na chini ya jina, dawa ya kifafa.

"Huyo ni mama wa duka la vitambaa," Kalamu alisema. "Miaka kumi na moja amewaficha wakwe zake. Juzi wifi yake alikuja hapo kwenu kutoa nakala ya cheti. Akasoma. Leo mama huyo amesimama mbele ya mfamasia mkuu, analia."

"Mungu wangu. Mimi sikuona..."

"Hukuona. Uliona picha, hukuona majina. Mimi nikichora namwona mtu kwanza." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. "Nimepewa barua ya onyo. Ikija ya pili, kazi sina, na unajua nina midomo mingapi nyumbani. Bahasha zitaandikwa namba tupu, picha marufuku. Sitaki kukuona."

"Kalamu, mpenzi..."

"Na hilo jina acha kuniita. Kalamu nimeiweka chini."

Simu ikakatika. Saa moja jioni Gundi alipiga, ikaita mpaka ikakata. Kesho yake vilevile, na keshokutwa.

Mtu mwingine angekata tamaa au angetuma maua. Gundi alikibomoa kile kitabu. Akatoa bahasha moja moja kwa kisu chembamba, akazifunga katika karatasi nyeupe, akaenda kwanza dukani kwa yule mama. Alimkuta anapima kitambaa. Alisubiri mteja aondoke, akajitambulisha, akamkabidhi bahasha yake, akasema kosa ni lake peke yake na mtoaji dawa hakujua lolote.

Mama wa duka, mnene wa haiba, gauni la zambarau, akamtazama kuanzia viatu mpaka nywele. "Unajua miaka yote hiyo nilikuwa namezea dawa wapi? Chooni."

"Naomba unisamehe, mama."

"Sijakusamehe. Sasa mama mkwe ananiuliza kila asubuhi kama nimemeza. Sijui nikuchukie au nikushukuru, na mpaka nijue, ondoka mbele yangu."

Wengine arobaini angewapata wapi? Hakuthubutu kuzunguka mtaani akitaja majina ya wagonjwa. Lakini dawa za mwezi huisha, na kila mgonjwa lazima arudi. Basi akaomba kiwandani zamu ya mchana, akampelekea mfamasia mkuu barua ya kukiri kosa, na kila asubuhi akakaa kwenye benchi mkabala wa dirisha. Mtu akiitwa kwa jina lililo kwenye bahasha mojawapo, Gundi anamngoja pembeni, anaongea naye kwa sauti ya chini, anamkabidhi bahasha yake. "Ichome au itunze, ni yako. Nisamehe." Wengine walimwelewa, wengine walimtukana hadharani, bibi mmoja alimpiga kwa mkongojo begani. Kalamu alimwona kila siku kupitia kioo. Hakumsalimia.

Siku ya kumi na mbili mzee mmoja, baada ya kupokea bahasha yake ya zamani, alitoa mfukoni ile mpya yenye namba tupu. "Mwanangu, wewe unasoma. Hii inataka asubuhi au usiku? Zamani nilikuwa natazama yule mtu wangu tu. Ana kofia, yuko kitandani, basi najua ni usiku. Safari hii itabidi nibahatishe."

Gundi akamweleza, akarudia mara mbili. Kisha akabaki ameinamisha kichwa. Alikuwa amejiona mwokozi wa sanaa inayopotea kwenye bahasha, kumbe haikuwa inapotea. Ilikuwa kazini, inalinda watu wasidhurike, na yeye ndiye aliyeifukuza. Alijionea haya kuliko siku ile ya simu.

Mama wa duka alikuja siku ya ishirini na tatu. Gauni safari hii lilikuwa jekundu, na foleni ilimpisha bila kupenda. Akapewa bahasha. Akaigeuza huku na huku.

"Mimi niko wapi?"

"Tumekatazwa, mama," Kalamu alisema kwa upole.

"Nani amekataza? Niitie."

Mfamasia mkuu akatoka, miwani puani, akaeleza habari za siri za wagonjwa na agizo la ofisi.

"Mwanangu," yule mama akamkatiza, "mlalamikaji ni mimi, kwa hiyo usinielezee malalamiko yangu. Nililia kwa sababu jina langu liliwekwa dirishani. Picha haikunikosea. Katika hospitali nzima, huyu binti ndiye peke yake aliyewahi kuniuliza nafungua duka saa ngapi. Nataka nichorwe."

Watu wakaitikia kwenye foleni. Mfamasia mkuu hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa utaratibu tu, na akautafuta utaratibu. Toka siku hiyo bahasha yenye picha itakuwa na namba ya kadi badala ya jina, na katoni itachomwa yeye mwenyewe akishuhudia.

Kalamu akachukua kalamu. Mama wa duka akangoja. Kikatokea kiduara chenye vijiti pembeni, jua la mtoto wa chekechea, basi. Mkono ulikuwa umegoma. Mama wa duka alilipokea jua lake, na alipompita Gundi kwenye benchi akamwambia, "Hilo ndilo deni lako kubwa. Langu limekwisha."

Jioni ile, saa moja kamili, simu ya Gundi ikalia.

"Bega lako vipi?" Kalamu aliuliza. "Yule bibi ana nguvu."

"Linauma. Nilistahili."

"Ulistahili." Pasi ikapumua. "Nimekusamehe. Nilikusamehe wiki iliyopita, nikakuacha ukae tu kwenye benchi kidogo."

"Na mkono?"

Pasi ikawekwa chini. Kisha akasikia kwamba analia. "Nimeruhusiwa na siwezi. Nimekaa miaka tisa naiba dakika, Gundi. Nimeulizwa mara moja tu kwa nini naiba, mwizi ndani yangu amekimbia. Nimechoka. Sikujua nimechoka namna hii."

Hapo ndipo Gundi alipoikumbuka mvua isiyomzuia mtu. Hakutoa pole nyingi.

"Jumamosi nitakuja saa sita," alisema. "Mama nitampikia, watoto nitakuwa nao, nguo nitafua. Wewe utakaa chumbani mpaka saa kumi na moja. Nitafanya hivyo kila Jumamosi."

"Ili niolewe nawe?"

"Hata ukinikataa. Jumamosi ni yako. Usipochora, usichore."

Alikuja. Aliunguza sufuria ya kwanza, akapika ya pili huku mama mtu akimwelekeza kutoka kwenye kiti chake. "Kitunguu kwanza, mwanangu. Huko kwenu mnakula vitabu?" Mwalimu naye alikuja, akisema amekuja kukagua tu, na akaishia kuwafundisha pacha hesabu za sehemu kwa kukata viazi. Kalamu aliingia chumbani, akafunga mlango, akalala saa tano nzima.

Jumamosi ya pili akalala tena. Ya tatu akaamka mapema akapanga upya kabati. "Nimekuharibia siku," akamwambia Gundi jioni. Gundi akamwambia hakuna siku iliyoharibika, viazi vimeliwa. Ya nne ilipita kimya, na hakuna aliyeuliza. Usiuone ukimya huo ukadhani Gundi alikuwa ametulia. Kila mlango ulipolia aliacha kazi akautazama. Aliogopa kwamba kilichovunjwa na mikono yake hakitarudi, na kwamba Kalamu atampenda, atamheshimu, na hatachora tena.

Jumamosi ya tano alikuwa uani anasugua viatu vya pacha, suruali imekunjwa mpaka magotini, povu mpaka kwenye viwiko. Saa kumi na moja ikafika, mlango haukufunguka. Ikafika na nusu. Pacha mmoja akaenda kuchungulia kwenye tundu la ufunguo, akarudi amejishika mdomo.

"Anko, Mamdogo ameandika ukuta wote."

Gundi hakuinuka. Aliendelea kusugua kiatu ambacho kilikwisha takata zamani.

Baada ya muda mlango ukafunguka. Kalamu alisimama kizingitini na gauni la nyumbani, hana kitambaa, wino uko kidevuni, mikononi, hata kwenye kisigino kimoja. Nyuma yake ukuta mweupe wa chumba haukuwa mweupe tena. Foleni nzima ya Jumatatu ilikuwapo, watu wakubwa kama watu, na kila mmoja alikuwa na uso wake: bibi na mkongojo wake, mzee wa kofia, mama wa duka na gauni lake, baba aliyebeba mtoto. Mtoto alikuwa bado analia.

Mama yake alisogezwa pamoja na kiti chake mpaka mlangoni, akatazama, akaweka mkono kifuani. "Mimi nilisema ukutani kwa mzaha," akasema.

Kalamu alijifuta kidevu. Alimtazama yule mwanamume aliyechuchumaa na kiatu cha mtoto mkononi, akamtazama sana, kama anavyowatazama watu kabla hajawachora.

"Lete posa," akasema. "Mambo ya mahari mtazungumza na mama, na baba yako atapiga hesabu zake. Punguzeni, ongezeni, mtakavyo. Lakini Jumamosi haimo kwenye mazungumzo."

"Haimo," Gundi akasema.